Kikapu cha Gugu Maji

Msusi alikuwa anamalizia mkono wa kikapu cha mtoto wa mdogo wake, ingawa mtoto mwenyewe alizikwa siku nane zilizopita. Vidole vilijua kazi. Yeye hakuhisi kitu. Mwili ulikuwa umekufa ganzi, hata sindano ilipomchoma alijua kwa kuona damu tu.

"Tushukuru, gugu maji limerudi," fundi mkuu alisema, akibwaga mzigo wa mashina makavu sakafuni. "Nilikuwa nishafikiria kufunga karakana."

Msusi alijua limerudije. Wanawake kumi na wawili wa karakana walikuwa wameling'oa mtoni mpaka maji yakaonekana, wakapongezwa weee, kisha wakakosa cha kusuka. Basi yeye akabeba miche kwenye ndoo, akaiachia kwenye kona ya mto karibu na kivuko, akijiambia itatosha vikapu viwili vitatu. Gugu maji halijui viwili vitatu. Asubuhi mdogo wake aliposhikwa na uchungu, mtumbwi wa kumpeleka zahanati ulinasa kwenye majani yale mpaka jua likawa la utosi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, watu husema. Waongo. Aliyeingia ni mdogo wake.

Jioni akakipeleka kikapu. Mdogo wake alikuwa ameketi kitandani, anakunja vinguo ambavyo havikuvaliwa.

"Dada, kumbe umekimaliza."

"Si nilikuahidi."

"Basi nitaweka hivi." Akaanza kuvipanga ndani. "Mwenye mtumbwi anasema yale majani yamejirudia tu. Afadhali wewe, dada. Wewe angalau unayang'oa."

Msusi angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona. Alitafuta hofu moyoni asiipate, akatafuta machozi, nayo hayakuwepo.

"Hayakujirudia," alisema. "Niliyapanda mimi. Kazi ilikuwa imetuishia."

Mdogo wake akaanza kuvitoa vile vinguo, kimoja kimoja, akivilaza mapajani. Kikapu kilipobaki kitupu akakiweka chini, akakisukuma kwa mguu mpaka kikamgusa Msusi.

"Nenda nacho," alisema.

Hakumwita dada. Ganzi ikamwachia Msusi palepale, wakati alipoihitaji kuliko siku zote.