Stakabadhi ya Shilingi Mbili

Mimi Mwanatumu binti Khatibu sipendi kudhulumiwa hata senti moja, na watu wa Kisauni wanalijua hilo. Wengine huniita mkorofi. Waniite! Ukorofi huo ndio ulionifaa mwaka wa arubaini na saba, benki ilipotaka kuninadia shamba langu la Mishomoroni.

Barua ililetwa Jumatatu: mnada ni Alhamisi asubuhi. Shamba nililorithi kwa baba, minazi themanini na makaburi ya wazazi wangu ndani yake, eti nimeliweka rehani mimi mwenyewe! Mimi, ambaye mlango wa benki siujui unafungukia wapi. Nikakaa pale pale barazani, nikalia.

"Mama, kulia hakusimamishi mnada," akasema Nzai, mkwezi wangu, aliyekuja kuangua nazi. "Tutafute wakili. Tena anayejua mambo ya benki. Wengine watakula pesa zako bure."

Jumanne tukavuka daraja la Nyali hadi mjini, tukaelekezwa kwa wakili ambaye, tuliambiwa, benki zote anazijua nje ndani. Mlangoni tulimkuta karani wake, Wafula.

"Umewahi kuja hapa, mama?"

"Sijatia mguu."

Akafunua daftari la wateja, akalitafuta jina langu, asilione. "Basi wewe ni mteja mpya. Shilingi mbili za kuandikishwa."

Shilingi mbili kwa kuandikwa jina! Nikamwambia sitoi mpaka nipewe stakabadhi yenye sahihi ya tajiri wake, wakili mwenyewe.

"Mama, hapa si sokoni."

"Sokoni napewa papa wangu nikamwona. Hapa nitaona nini?"

Nzai akainamisha kichwa kwa aibu. Wafula akaingia ndani na rundo la karatasi, akatoka na yangu ya mteja mpya, ina tarehe, muhuri na sahihi. Nikaifunga kwenye pindo la leso.

Wakili mwenyewe alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Lakini nilipolitaja shamba la Mishomoroni, kalamu ilisita mkononi mwake. Akaniuliza jina langu mara ya pili.

"Mimi ndimi wakili wa benki hiyo," akasema, na hakunitazama usoni. "Siwezi kukusaidia. Wala usipoteze pesa kwa mwingine."

Nikazidai shilingi mbili zangu. Wafula akanifungulia mlango.

Tukagonga kwa wawili zaidi. Wa kwanza hakutaka ugomvi na benki yoyote. Wa pili alisema nirudi Ijumaa. Ijumaa! Nikazike nini Ijumaa? Jua linatua, na mimi nimebakiwa na siku moja.

"Yuko Mgoa mmoja Changamwe," Nzai akasema tukirudi. "Bwana Noronha. Mimi humpelekea nazi. Alikuwa karani wa benki miaka kumi na miwili kabla ya kusomea uwakili."

"Na kutwa nzima umenyamaza?"

"Ulitaka wakili wa mjini, mama."

Lau si kuchoka, ningempiga kiatu.

Jumatano asubuhi tulikuwa Changamwe, kwenye nyumba ndogo karibu na reli. Bwana Noronha, mzee mwembamba, alisoma barua, kisha nakala ya hati ya rehani iliyoambatana nayo. Akanionyesha alama nyeusi chini yake.

"Kidole hiki ni chako?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamweleza mara pekee niliyowahi kutia kidole. Mume wangu alifariki mwanzo wa Rajabu, mwaka uliopita, nami nikaingia eda, miezi minne na siku kumi. Ramadhani iliniingilia humo humo ndani, na Idi nikaila humo. Siku moja ya mfungo akaja Jaffar, mdogo wake marehemu. Shemeji si maharimu yangu, kwa hiyo alisimama nyuma ya pazia. Akasema ameleta karatasi ya mgao wa sukari, wanataka kidole. Nikatoa mkono tu chini ya pazia. Kiarabu nasoma na kuandika, nafundisha watoto Kurani, lakini herufi za Kizungu sizijui, na karatasi yenyewe sikuiona.

"Siku gani hiyo?"

"Mwanzo wa Ramadhani, mwezi kumi haujafika."

Akahesabu kwenye kalenda, akarudi kwenye hati. "Hapa pameandikwa: tarehe sita Agosti, Mwanatumu binti Khatibu alifika mwenyewe ofisini mjini, akasomewa kwa Kiswahili, akaelewa, akatia kidole mbele ya wakili. Wakili ametia sahihi."

"Mjini? Na mimi niko eda? Uliza Kisauni nzima!"

"Jaji haiulizi Kisauni, Bibi. Jaji hutaka karatasi."

Karatasi. Nikalifungua pindo la leso kwa meno, nikamwekea mezani ile stakabadhi. Akaisogeza kando ya hati. Akaitazama hii, akaitazama ile, akavua miwani.

"Sahihi ni moja," akasema polepole. "Agosti wakili huyu anathibitisha kwamba ulisimama mbele yake. Juzi... la, jana, anatia sahihi kwamba wewe ni mteja mpya. Kazi hii naichukua."

Nzai akapiga kofi paja lake. Lakini Bwana Noronha hakucheka.

"Ili nisimamishe mnada lazima uape kidole kilipatikanaje. Utamtaja Jaffar. Huenda akafungwa."

Jaffar ndiye aliyemshusha mume wangu kaburini. Watoto wake watatu huja chuoni kwangu kila asubuhi, na yule mdogo bado hukosea alifu. Nikiwatazama hao, nanyamaza. Nikinyamaza, makaburi ya wazazi wangu yanauzwa. Nililia, wallahi, mbele ya mwanamume nisiyemjua.

Akanisogezea mkataba wa kumwajiri, na kisahani cha wino. Mkono wangu ukarudi nyuma wenyewe.

"Nisomee," nikasema.

Akasoma. "Tena." Akasoma tena. Mara ya tatu nikachukua kalamu, nikaandika jina langu lote kwa herufi za Kiarabu, na la babangu. Kisha nikaapa, na Jaffar nikamtaja.

Alhamisi, watu walijaa shambani. Dalali alikwisha piga kengele, bei imefika kwa tajiri mmoja asiyejua hata mipaka, na Bwana Noronha haonekani. Nilisimama kaburini kwa mamangu. Kengele ya pili. Ndipo nikamwona Nzai akija mbio, na Mgoa nyuma yake, tai begani, ameshika amri ya mahakama juu ya kichwa chake. Dalali akaisoma, akaitia kengele mfukoni.

Jaffar alinijia watu walipotawanyika. Mkewe, Kulthum, alisimama mbali na watoto.

"Shemeji, nisitiri. Nilidhani nitaulipa mkopo kabla hujajua."

Moyo uliniuma, sisemi uwongo.

"Nilijisitiri nyuma ya pazia kwa heshima ya kakako, Jaffar. Wewe ukaja kuiba hapo hapo. Nikusitiri kwa pazia gani tena?"

Nikamwita Nzai akwee, aangue madafu, ampe Kulthum na watoto.

"Hawa watakula kwangu," nikamwambia Jaffar. "Na chuoni waje kesho kama kawaida. Wewe twende kwa wakili wangu, ukaseme ulivyofanya."