Sketi Inayorefuka

Fundi alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliotaka kumponza binti yake.

Binti huyo wenzake darasani walimbandika jina la Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Akitoka shule alikaa kwenye cherehani kuukuu nyuma ya kibanda cha baba, na hapo ndipo alipobuni sketi ya shule yenye pindo la shibiri nzima, limekunjwa na kufichwa ndani. Mtoto akirefuka, mama anafumua mstari mmoja, sketi inashuka, hakuna haja ya kununua nyingine. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alizisikia habari hizo, akaahidi kuja kuona sampuli. Akiipenda, sare za shule nzima zitakuwa kazi ya Sindano, naye alitaka siku moja awe na kiwanda cha sare.

"Soma kwanza," baba alizoea kumwambia. "Mvumilivu hula mbivu."

"Nitasoma na nitashona, baba. Nikikaa tu, mbivu zitaokotwa na wengine."

Siku ya miadi alitoka shule mbio, akamkuta mwalimu mkuu keshafika, baba anamkunjulia sketi kwa tabasamu pana. Sindano akaishika, damu ikamchemka. Pindo lilikuwa jembamba kama la suruali ya bwana harusi.

"Nimekusafishia kazi," baba alimnong'oneza kwa fahari. "Pindo zito vile ni aibu kwa fundi. Nimelikata, nikalishona upya kwa mkono."

Maskini ya Mungu! Maisha yake yote alifunzwa kwamba fundi hodari haachi kitambaa cha ziada. Alichokikata ndicho hasa kilichokuwa kinauzwa.

Mwalimu mkuu aliigeuza sketi ndani nje. "Mbona hii ni kama zile za dukani?"

Binti mwenye adabu, ndivyo tunavyoambiwa, humstiri baba yake. Huinamisha kichwa, husema samahani, kazi inakwenda zake. Adabu ya namna hiyo imezika biashara nyingi za wasichana kabla hazijazaliwa, na mimi siipendi hata kidogo.

"Pindo limekatwa, mwalimu," alisema Sindano. "Baba amekosea. Naomba ukae, nikushonee nyingine mbele ya macho yako."

"Wewe mtoto!" baba alifoka.

Sindano akaipita cherehani yake kuukuu, akaketi kwenye ile ya mlangoni ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa.

"Hiyo ni yangu!"

"Najua, baba. Ndiyo nzima."

Akakata, akakunja, akakanyaga. Aliogopa, tena sana, na mshono wa kwanza ulienda upogo. Akaufumua, akaanza tena.

Mwalimu mkuu alilipima lile pindo kwa shibiri yake, akacheka kwa furaha. "Hii ndiyo niliyoifuata. Kazi naiandika kwa jina la fundi, sivyo?"

Baba akafungua mdomo. Sindano hakuondoa mguu kwenye kanyagio.

"Baba ni fundi wa suti, mwalimu. Sare ni zangu. Andika jina langu."

Mwalimu mkuu akaliandika. Baba alisimama katikati ya kazi yake ya miaka yote, hana pa kukaa.

"Sasa mimi nifanye nini?" akauliza, sauti imeshuka.

"Shika pasi, baba. Nyoosha hii," Sindano alimkabidhi sketi. "Na pindo usiliguse."