Jiwe la Josiah Trewhella

Darcy Trewhella alimfuata Josiah, babu wa babu zake, kama mbwa anavyofuata harufu. Hakumfuata kwenye makabrasha. Hayo shangazi zake walishayapekua zamani. Alimfuata kwa mikono. Josiah alipasua magogo akajenga kibanda, basi Darcy naye akapasua magogo. Josiah alilalia magome ya mti, Darcy naye akayalalia, akaamka mgongo umekufa ganzi na kifua kimejaa fahari. Mkono wangu ni mkono wake, alijiambia. Alikuwa kijana mwenye damu moto, na jina la Trewhella ndilo lililouchochea moto huo.

Likabaki jiwe.

Jiwe lilikaa mlangoni pa jiko la Bibi Enid, likizuia mlango usibamizwe na upepo. Lilikuwa bapa, zito, na katikati lilibonyea, bonde laini la kutosha kulaza yai. Kila Trewhella aliyezaliwa kwenye shamba lile la New South Wales aliambiwa hadithi ileile: Josiah alilichonga mwenyewe mwaka aliofika, akasagia ngano yake ya kwanza, katika nchi ambayo haikuwa na mtu.

Ukoo ulipotangaza mkutano mkuu, Darcy alitaka kuwaonyesha watu jinsi babu alivyofanya. Akatafuta jiwe la aina ileile, akashika tindo na nyundo. Tindo ikaacha makovu. Akayasugua, akasaga ngano juu yake tangu majira ya baridi hadi kondoo wakanyolewa, na makovu hayakufutika. Ndipo akaenda kupiga magoti mlangoni pa jiko, akapitisha vidole ndani ya lile bonde. Hapakuwa na kovu hata moja. Halikuchongwa lile. Lililiwa polepole na mikono inayosaga, mama, binti, mjukuu, kizazi baada ya kizazi. Na Josiah, fundi wa matandiko ya farasi kutoka Cornwall, ng'ambo ya bahari, hakuikuta nchi tupu.

Asubuhi ya mkutano, magari yakiwa yanamiminika, alimwendea Bibi Enid jikoni.

"Bibi, hili jiwe si la Josiah."

"Chukua hili sinia la keki, mpelekee shangazi yako."

"Bibi, nisikilize."

Bibi Enid, mkubwa kuliko wote waliobaki katika ukoo, akavuta kiti. Akayafuta maji mikononi taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Babu yangu alinisimulia," akasema, "nikiwa sijafika hata juu ya meza hii. Wanawake walikuwa wanasaga pale kijitoni. Josiah na wenzake wakatokea na bunduki. Jioni akarudi peke yake kuchukua jiwe. Alisema ni jiwe zuri, lisipotee bure."

"Na wale wanawake?"

"Wewe umewahi kuoga pale kijitoni?"

Hakuwahi. Hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi. Waliambiwa maji ni baridi.

"Umejua miaka yote hii, na bado ukaliweka mlangoni?"

"Upepo ulikuwa unabamiza mlango, mjukuu wangu. Mlango unataka jiwe."

"Leo ba'mkubwa analijengea kwenye mnara, na bamba la kusema nchi haikuwa na mtu. Nikiwaambia, utasema na mimi?"

Akamsogezea kipande cha keki. "Kula kwanza."

Hakukigusa.

Uwanjani ukoo ulikuwa umejipanga kwa beji, kila mtoto wa Josiah na rangi yake, na uzao wake wote umeivaa kifuani. Clive, baba mkubwa wa Darcy na mwenyekiti wa mkutano, alisimama kando ya mnara na mwiko wa mwashi mkononi, karai la zege miguuni.

"Beji za njano, karibuni!" akapaza sauti. "Tunajua kwenu ni wezi wa kondoo, lakini soseji zipo za kutosha!"

Watu wakaangua kicheko. Bibi Enid akaletwa mbele, kwa kuwa ilipangwa mkubwa wa ukoo aweke mkono juu ya jiwe, lililokwisha kutolewa jikoni, kabla halijajengewa. Akauweka. Kisha Clive akampa Darcy kipaza sauti, awasimulie maisha ya Josiah, yeye aliyeyafuatilia kuliko wote.

"Josiah hakulichonga jiwe hili," Darcy akasema. "Alilichukua kwa wanawake aliowaua pale kijitoni."

Soseji zikachirizika mafuta kwenye makaa.

"Darcy," Clive akasema, "jua limekupiga?"

"Mrudisheni kwenye kibanda chake!" mmoja akadakia, na wengine wakacheka kwa kuona afueni.

"Kwani ulikuwepo?" Clive akauliza.

"Sikuwepo. Bibi anajua. Bibi, waambie!"

Nyuso zote zikamgeukia. Bibi Enid akainyoosha beji yake ya kijani.

"Mtoto hajala tangu asubuhi," akasema. "Hajui anachosema."

Darcy alihisi kama amechomolewa mfupa. Aliyemlea, aliyemfundisha kutembea, amemkana kwa maneno matano, sita. Clive akalilaza jiwe kwenye zege, akaligonga kwa mpini wa mwiko likae sawa. Darcy akarusha kipaza sauti, akazamisha mikono yote miwili ndani ya zege bichi, akaling'oa.

"Unalipeleka wapi?" Clive akafoka.

"Kwa wenyewe."

Wenyewe, Wawiradjuri, wenyeji wa nchi ile tangu kale, walikuwa mjini. Ofisi yao iko ng'ambo ya reli, na kila Trewhella alikuwa ameipita, wala hakuna aliyewahi kuingia.

Alipowasha gari, Clive alikuwa ameshasimama langoni. "Ukitoka na hilo jiwe, hutalala tena kwenye nyumba hii."

"Mfungulie, Clive."

Ilikuwa sauti ya Bibi Enid.

"Mama, hata wewe?"

"Nimesema mfungulie."

Hakumtazama Darcy. Alikuwa anatazama mkono wake ule uliogusa jiwe.

Barabarani gari likaanza kupiga kengele. Darcy akatazama taa, akatazama milango, hakuona kosa. Kisha akaelewa: jiwe lilikuwa kwenye kiti cha pembeni yake, na kwa uzito wake gari lilidhani ameketi mtu asiyefunga mkanda. Akasimamisha gari kando ya ua wa waya. Akalifunga mkanda, zege likimkauka kwenye vidole.