Kengele Ndani ya Mzinga

Asubuhi ya siku ya arubaini ya kuzingirwa kwa ngome, Dafina alisimama foleni kisimani na ndoo yake, nyuma ya Mara. Progon, mzee wa kijiji chao, ndiye aliyegawa maji ngomeni: mke wa mpiganaji kata nzima, mjane nusu. Mara alipewa nusu.

"Jana ulinipa nzima," Mara alisema.

"Jana mumeo alikuwa hai. Pisha wengine."

Chini bondeni mzinga wa Sultani ulifyatuka. Jiwe liligonga ukuta, vumbi likapanda, kisha mzinga ukaanza kulia kama kengele, kila pigo na mkwaruzo wake mwishoni. Wanawake waliweka ndoo chini wakahesabu. Ilikuwa kengele ya kanisa lao, ile yenye ufa ukingoni. Kijijini ilipigiwa marehemu, pigo moja kwa kila mwaka aliouishi. Huku ngomeni ililia kabla mtu hajafa, na haikuwa imekosea hata siku moja.

Askari wa Sultani hawakuweza kuvusha mizinga milimani, kwa hiyo waliyeyusha shaba papo hapo, chini ya ngome. Wanakijiji walipokimbilia ngomeni, Progon ndiye aliyekabidhiwa kengele aipandishe. Alifika na nyumbu wawili wapya, akasema kengele imechukuliwa na mto. Ufunguo wa kisima ulikuwa shingoni mwake.

"Mto wako una baruti, baba Progon," Dafina alisema.

"Utapoteza hesabu, binti."

Hakupoteza. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Walibaki wanaume kumi na saba wa kulinda ukuta, na mwenye miaka thelathini na moja alikuwa mmoja tu: Leka, mume wake, aliyekaa kwenye ngazi za ukuta akila mkate wa shayiri. Thelathini. Dafina alingoja. Pigo la thelathini na moja lilikuja bila haraka, halafu kimya.

Leka aliinama akafunga kamba za viatu. "Umehesabu?"

"Nimehesabu. Maliza mkate kwanza."

"Mgumu kama mawe ya Sultani."

"Tafuna. Hapa chakula hakitupwi."

Alitafuna, akafuta ndevu, akamgusa bega. Akachukua upinde wake, akaanza kupanda.

Foleni ilisogea. Progon alichota, akamimina nusu kata ndooni mwa Dafina.

"Bado anapanda," Dafina alisema.

"Ngazi zenyewe fupi," Progon alisema, akamwita anayefuata.