Mti wa Kupimia Mto

Lukelo alifika shuleni amechelewa, akasimama mlangoni mwa darasa. Madawati yalikuwa yamejaa akina mama, na hata yangekuwa matupu, mvuvi mzima hakalii dawati la mtoto. Tangu aache shule akiwa darasa la tatu hakuwa amekanyaga humo ndani, wala hakuwa ameililia.

Alikuja kwa jambo moja. Mkewe Domitila na mama mkwe wake walikuwa ng'ambo ya mto Kilombero, juu ya dungu katikati ya shamba la mpunga, wakiamia ndege wasiule. Kijiji kilikuwa kinaamua kama watu wa bondeni warudi leo au wangoje wavune.

"Wakirudi leo, ndege watamaliza mpunga kabla ya Jumapili," alisema mwenyekiti, mzee Apolinari. "Wakikaa, maji yanaweza kuwakuta. Mwaka huu wa Elinino hakuna asiyejua maji yanafanya nini. Mwalimu, sema wewe mwenye kipimo."

Mwalimu Elineema alikuwa Mpare mwembamba asiyejua kuogelea. Kiangazi kilichopita alisimamisha mti mrefu mtoni, karibu na gati, akauchora sentimita kutoka chini hadi juu kwa rangi aliyoinunua dukani Viwanja Sitini. Asubuhi na jioni wanafunzi wake waliusoma wakiwa ukingoni, wakaandika kwenye daftari. Wazazi walinung'unika kwamba watoto wanatumwa kuhesabu maji. Lukelo hakunung'unika, alicheka. "Mwalimu anaupimia mto suruali!" alisema, na neno hilo likafika mpaka kijiji cha Mkula.

Sasa ukutani palikuwa na karatasi nne zilizounganishwa, na mstari umepita juu yake.

"Kila nukta ni siku moja," Mwalimu alisema. "Nukta ikipanda, maji yamepanda. Huu mstari mwekundu ni mia nne. Maji yakifika hapo yanaruka ukingo na kuingia mashambani. Leo asubuhi tumesoma mia tatu arobaini na nane. Yanapanda kama kumi kwa siku. Tuna siku tano."

Watu wakashusha pumzi. Siku tano zinatosha kuvuna ulioiva.

Lukelo alikuwa bado anautazama ule mstari. Hakuwahi kufundishwa kitu kama hicho, lakini nyayo za kiboko kwenye tope alizisoma tangu utotoni, na huu nao ulikuwa njia ya mnyama. Ulipanda, ukapanda, kisha mahali pamoja ukaanguka kama aliyetumbukia shimoni, halafu ukaanza kupanda tena kutoka chini.

"Na hapo ulipoanguka?" aliuliza.

"Jumatatu ya wiki iliyopita. Jumapili jioni mia tatu na sita, asubuhi yake mia mbili sitini na nne. Niliwarudisha watoto wakasome tena. Jibu lile lile."

"Mto nao hupumua," alisema Hilari, mvuvi mwenzake.

Lukelo alijua kwamba mto haukupumua. Alfajiri ya Jumatatu hiyo pondo lake lilivunjikia kwenye tope, na nyavu zake zilikuwa ng'ambo. Mti wa mwalimu ulikuwa pale pale, mrefu, umenyooka. Aliutikisa, akaung'oa, akausukumia mtumbwi kwenda na kurudi. Kabla ya kengele ya shule akauchomeka tena pale pale. Aliusukuma mpaka ukasimama, akaenda zake. Mti ni mti.

Kumbe sivyo. Mti usipozama vya kutosha, namba zote zinapanda nao, na maji yanakuta namba ndogo.

Sheria ya kijiji ilisema atakayeugusa mti atatoa mbuzi. Mbuzi hakumwogopesha. Alichoogopa ni kicheko.

"Hilari, vuka ukawaambie wakae," alisema mzee Apolinari. Watu wakaanza kuinuka.

"Ngojeni," Lukelo alisema. "Hizo siku tano si kweli."

"Haya, fundi cherehani!" Agnella muuza samaki alimdaka. "Leo unaushonea mto kanzu?"

"Niliung'oa mti."

Darasa zima likageuka. Hakuna aliyecheka.

"Wewe?" Mwalimu aliuliza. Chaki ilimvunjikia mkononi. "Kwa nini?"

"Pondo lilivunjika. Nikaurudisha, lakini sikuuzamisha kama ulivyokuwa."

"Ulipungua kiasi gani?"

"Sijui."

"Sijui hainisaidii, bwana! Fikiri. Ulisimama wapi?"

"Ndani ya mtumbwi."

"Kabla hujaung'oa, ncha ya mti ilikufika wapi?"

Lukelo alifumba macho. "Kidevuni. Niliukumbatia, ncha ikanigusa kidevu."

"Na ulipomaliza kuurudisha?"

"Nilitundika kofia yangu juu yake nikikung'uta nyavu. Ilibidi niinue mkono juu kidogo ya kichwa. Hivi."

"Usishushe mkono!" Mwalimu alimvuta mpaka ukutani, akachora mstari kwenye kidevu na mwingine kwenye ncha za vidole, akatwaa rula ya ubaoni.

"Leo suruali ni ya Lukelo!" mtu alipiga kelele, na kicheko kikapita haraka. Lukelo alikiacha kipite.

"Arobaini na tatu," Mwalimu alisema. Akafungua daftari. "Hapa mstari umeanguka arobaini na mbili. Daftari na kidevu havikula njama, lakini vinasema jambo moja." Akaandika ubaoni kwa kipande cha chaki: 348 na 42, 390. "Si siku tano. Tuna moja, ikibaki."

Mitumbwi minane ilivuka mchana huo.

Domitila alikuwa juu ya dungu na debe lake, anapiga kelele kwa ndege. "Kushuka? Jana mtoto wa Agnella kaniambia mti hautishi!"

"Shikamoo, mama," Lukelo alimsalimu kwanza mama mkwe wake aliyekuwa chini. Kisha akainua uso. "Mti ulidanganya kwa sababu yangu. Niliuchezea. Shuka, nitukane tukiwa njiani."

Domitila akalitupa debe chini, likalia, ndege wakaruka kwa mara ya mwisho.

Jua lilikuwa linatua walipokaribia gati. Nyuma yao Hilari alipaza sauti kutoka mtumbwi wake. "Lukelo! Magunia saba ya mpunga yamebaki kule, makavu! Turudi mara moja!"

Mtumbwi ulipita karibu na mti. Lukelo akaukaribia, akasoma taratibu, kidole kikienda na namba. Mia tatu hamsini na nne. Akajumlisha arobaini na mbili, midomo ikicheza kama ya mtoto. Akaanza upya, apate uhakika.

"Haturudi," alisema. "Zimebaki nne."

"Nne nini?"

"Sentimita nne, Hilari. Funga mtumbwi."