Tarehe Thelathini Februari

Mwanzoni mwa mwaka 1996 Rukaiya alikabidhiwa kazi yake ya kwanza ya peke yake: kuandika programu ya kompyuta ya kuwajulisha wauguzi wa zahanati moja ya Mtoni kila mtoto arudi lini kuchanjwa. Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili Magomeni, na siku hiyo alitembea humo kama bibi harusi.

"Kalenda isikusumbue," alisema Gozbert, mwenzake wa meza ya pili, akimnyooshea disketi. "Humu mna vipande vya programu vya kuhesabu tarehe. Aliviandika Revelian wa Mwanza, sie wote tunavitumia. Unaviita tu ndani ya programu yako."

"Mie napika mwenyewe, kaka, sisubiri kupakuliwa."

Akaanza na herufi ya kwanza. Miezi ya siku thelathini na ya thelathini na moja ilimtii, lakini Februari ya mwaka mrefu, yenye siku ishirini na tisa, ilimtoa jasho wiki tatu nzima. Alipoipata, aliona raha hadi akasahau kula.

Akaipeleka programu Mtoni. Muuguzi mkuu, Mama Filomena, alivuta kiti mbele ya skrini.

"Shikamoo, mama. Tumjaribu mtoto yeyote."

"Marahaba. Weka Khulud, kachanjwa tarehe mbili Februari. Arudi baada ya wiki nne."

Kompyuta ikajibu: tarehe thelathini Februari.

Mama Filomena alicheka mpaka akashika meza. "Mwanangu, huyo tutamchanja akhera?"

Rukaiya alitamani ardhi ipasuke. Kisha akaliona kosa lake waziwazi: siku ya ziada aliiongeza mara mbili. Kicheko kikampata na yeye, wakacheka wote wawili hadi wagonjwa wakachungulia mlangoni.

Kesho yake alimwendea Gozbert. "Nipe ile disketi."

Gozbert alimpa, masharubu yakimcheza. Rukaiya hakuviita tu vile vipande. Alivisoma mstari kwa mstari, akavijaribu kwa tarehe za miaka kumi. Vilikuwa safi. Hadi alasiri kalenda ilikuwa imekwisha, na kabla ya siku ya kukabidhi kazi zilibaki siku tisa ambazo hakuwa na la kufanya.

Akarudi kwa Mama Filomena. "Mama, ukiacha tarehe, kipi kinakuchosha?"

"Kuwafuata wasiorudi. Nazunguka Mtoni yote nikitafuta nyumba."

Hilo hakuna aliyewahi kuliandika. Rukaiya akaandika kipande cha kuwapanga watoto kwa mitaa, nyumba za jirani pamoja, kisha akakinakili kwenye disketi mpya na kumtumia Revelian, pamoja na maelezo ya ukurasa mmoja.

Mwezi Mei simu ya ofisi ililia. Mtu wa Tanga alimtaka Rukaiya. "Dada, hiki kipande chako cha mitaa nimekipata kwa Revelian. Vijiji vyangu vina majina yanayofanana, nifanyeje?"

Rukaiya akavuta kiti, akamwelekeza taratibu. Gozbert alimletea chai, akaiweka kando ya simu.