Wakishasema Kata

Binti yangu alikuwa na kazi ambayo mpaka leo nikiulizwa naieleza kwa shida. Alikuwa mhariri wa picha za televisheni. Wenzake wanashinda juani wakipiga picha, wanamletea rundo, naye anajifungia chumbani kama kuku anayeatamia, anakata huku, anaunga kule, mpaka hadithi inasimama. Darasa langu la saba halikunifundisha mambo hayo. Ila vitendawili navijua, na ndivyo vilivyoniingiza kwenye chumba kile.

Walikuwa wakitengeneza mchezo wa watoto. Kuna msichana mdogo anayepeleka ujumbe nyumba kwa nyumba, na kila aendako anategwa kitendawili, hapo ndipo visa vinapoanza. Msichana huyo aliigizwa na mjukuu wangu, mtoto wa huyo huyo mhariri. Nyumbani tulimwita Kishada, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi. Ukimbeba unahisi upepo utakunyang'anya.

Mchezo wenyewe ulikuwa umekwisha kupigwa picha. Kilichobaki ni mwanzo wake, ile sehemu ya muziki na majina inayomfanya mtoto aache sahani yake aje kukaa mbele ya televisheni. Bosi wao, mama mmoja mwingi wa kicheko na mchache wa subira, alitaka iwe hivi: Kishada anakimbia kichochoroni, anabisha mlango, mlango unafunguka, tunaona uso wa mwigizaji na jina lake linatokea. Anakimbia tena, mlango mwingine, uso mwingine. Mlango wa mwisho haufunguki. Anasimama, anageuka, anatutazama sisi, na hapo kitendawili kinategwa.

"Sasa Bibi," Bosi akaniambia, "nipe cha mlango. Lakini siyo vile vya kila siku. Watoto wa siku hizi wanatembea na majibu mfukoni."

Binti yangu alikuwa amechora kila picha kwenye kikaratasi na kukibandika ukutani, akibadili mawazo anabandua na kuhamisha. Kishada alikuwa chini sakafuni anamkatia utepe wa gundi kwa meno, nusu nyingine anaibandika kwenye magoti yake.

Nikafikiri kidogo, nikasema, "Nabisha hodi usiku na mchana, mwenye nyumba hajanifungulia hata siku moja."

Bosi akakuna kichwa. Binti yangu akasema ni mvua, nikamwambia hapana, nipe mji. Kishada akaruka. "Moyo! Bibi, ni moyo!" Akaweka kiganja kifuani. "Wangu unabisha kama mgambo. Njoo usikie."

"Mgambo anadai kodi ya gauni hilo," Bosi akasema, tukacheka sote.

Basi kitendawili kikapita, kikaandikwa kwenye kikaratasi cha mwisho. Ila picha ya kukiwekea haikuwepo. Kila mahali Kishada alipogeuka kutazama, alitazama kama mtu aliyeambiwa ageuke.

"Nataka uso wake mwenyewe," Bosi akasema. "Uso wa mtoto aliyetoka kukimbia, asiyejua anatazamwa. Kwenye mikia hakuna?"

Mikia, kwa lugha yao, ni vile vipande vya mwisho, baada ya mwongozaji kupiga kelele "Kata!" na kabla kamera haijazimwa. Binti yangu hakuwa na muda na mikia. Alikuwa akiisikia tu sauti ile ya "kata" anafyeka hapo hapo, bila hata kutazama mbele kuna nini. Ndivyo alivyofundishwa kazi, na ndiyo sababu walimsifu kwamba ana mkono mwepesi. Mchezo mzima aliukata hivyo.

"Labda," akasema. "Ngoja nifukue."

Bosi akatoka kwenda kupiga simu. Kishada akajilaza kwenye kochi la nyuma, akapitiwa na usingizi. Binti yangu akaipanga ile mikia ya mbio, mmoja nyuma ya mwingine, akabonyeza.

Kishada anakimbia. "Kata!" Kishada anachuchumaa, magoti yamegusa kifua, kichwa kimeinama.

Mkia wa pili, kichochoro kingine, gauni lile lile. "Kata!" Anachuchumaa.

Wa tatu. Wa nne.

"Mtundu huyu," nikasema, "anacheza chura."  Binti yangu aliusogelea mtambo wake wa kukatia picha hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Katika mkia mmoja mpambaji anaingia na brashi yake, anamwinua kidevu, anampaka midomo rangi nyekundu, anasema na mtu pembeni, "Leo tena imepauka." Katika mwingine mpambaji amechelewa. Mtoto anajifuta jasho kwa mkono wa gauni, na rangi inatoka yote. Midomo iliyobaki chini yake ilikuwa ya bluu, kama mtoto aliyekula wino.

"Mama," binti yangu akasema polepole, "hii nimeikata mimi. Yote hii nimeikata mimi, kwa mkono wangu."

Bosi akarudi na simu sikioni. "Kama hakuna, tusijisumbue. Kesho asubuhi tunapiga upya. Kamera ipo, mlango umeshapakwa rangi. Mbio moja tu, basi."

"Hakimbii."

"Nani?"

"Mwanangu. Hakimbii kesho, hakimbii tena. Tazama."

Akamwonyesha. Bosi alitazama, na sitasema uongo, uso ulimshuka. Lakini alikuwa mtu aliyezoea kusukuma gari lililokwama, akasukuma na hili.

"Mtoto amechoka, dada. Juani pale hata mimi ningechuchumaa. Apumzike leo, kesho mbio moja. Halafu mpeleke kwa daktari unayemtaka, gari nitatoa mimi."

"Nimesema hapana."

"Wewe hapa ni mhariri au ni mama yake?"

"Ni mama yake," binti yangu akasema. "Nimechelewa, najua."

"Basi nitamtafuta mwingine avae gauni, tumpige picha kwa nyuma, mgongo tu. Unajua hivyo?"

Hapo ndipo Kishada aliposema. Hatukujua ameamka lini. Alikuwa amekaa kwenye kochi, alama ya kitambaa bado shavuni.

"Mama, usinitoe. Nitakimbia vizuri. Mimi huwa sichuchumai mpaka waseme kata." Akatutazama mmoja mmoja, akaona bado hatujaelewa. "Siku ya kwanza nilichuchumaa katikati, mwongozaji akasema naharibu picha. Toka siku hiyo najibana. Muulizeni. Sijaharibu hata moja."

Bosi akaweka simu mezani. Hakuzungumza tena habari ya kesho.

Tulikwenda hospitali jioni ile ile kwa gari la Bosi, yeye mwenyewe akiendesha. Wakampima siku ile, wakampima kesho yake, wakampitisha kwenye mashine zao. Daktari alikuwa kijana mpole, akachukua karatasi akatuchorea. Moyo una tundu, akasema, na njia ya kupeleka damu mapafuni ni nyembamba, alizaliwa hivyo. Kuchuchumaa ndiko kulikokuwa kunamrudishia pumzi. Mwili wake uliitafuta dawa wenyewe ukaipata. Wengi hufanyiwa upasuaji wakiwa wachanga. Huyu amechelewa, na zile mbio zimeuchosha moyo sana, lakini tutajaribu.

"Zile mbio," binti yangu akarudia.

Kule wodini Kishada alikuwa na maswali mawili tu, kama watamnyoa nywele na nani amevaa gauni lake. La kwanza tulimjibu. La pili mama yake akamwambia gauni limetundikwa, linamngoja. Akaridhika. Akawatega wauguzi vitendawili, wakishindwa anawadai miji, na kabla ya siku ya upasuaji alikuwa anamiliki nusu ya dunia. Alipoletewa kitanda cha magurudumu alikataa kulala, akataka apelekwe amekaa ili aone njia. Wakamkubalia.

Hakurudi. Moyo ulishonwa, daktari akatwambia, lakini walipotaka uanze tena kufanya kazi peke yake, haukuweza. Aliyasema hayo amesimama, kofia yake ya kijani mkononi, akiikunja na kuikunjua. Binti yangu alimuuliza kama mtoto alisema neno lolote. Daktari akasema alikuwa amelala.

Tulimzika. Watu walikuja, watu wakaenda.

Bosi alikuja akakaa mkekani nami, akalia kilio cha kweli. Siku nyingine akaja na lake. Televisheni imeshatangaza siku ya mchezo, mwanzo hauna mtu wa kuumalizia. Binti yangu akamwambia achukue vikaratasi ukutani, ampe mhariri mwingine. Gauni hakumpa.

Mchezo ulitoka, niliuona kwa jirani maana kwetu hatukuwasha. Muziki mzuri. Anakimbia, mlango unafunguka, anakimbia. Kila anapokaribia kusimama, tayari amekatwa yuko kichochoro kingine. Mlango wa mwisho wakaufanya ufunguke, ndani mna mwanga mweupe na jina la mchezo. Watoto wa jirani wakapiga makofi. Nikaaga.

Nyumbani nilimkuta binti yangu mezani na mtambo wake. Hakugeuka. Alikuwa ameiunga ile mikia yote, ile tu, bila mbio. Mtoto anachuchumaa, anakaa hivyo kitambo, mabega yanapanda na kushuka. Kisha unaanza mkia mwingine, anachuchumaa tena.

"Wanazima kamera mapema, mama," akaniambia. "Nimetafuta kote. Hakuna hata mmoja walipongoja mpaka ainuke."

Nikavuta kiti nikakaa karibu naye, nikamshika mkono ule wa kukatia. Ulikuwa baridi. Tukaangalia mpaka mkia wa mwisho, kisha akairudisha mwanzo.